Miungu Kumi na Minane ya Marselino

"Kuanzia Mabamba mpakani mpaka Kasulu mjini, hakuna mtu anayeijua miungu kama mimi! Akitokea hata mmoja akaleta miungu mizuri kuliko yangu, namwachia kiti changu. Mashahidi ni ninyi!"

Maneno hayo Marselino aliyasema kwa kipaza sauti, kwenye sendofu ya shemeji yake, ukumbini Kibondo, saa kumi jioni, baada ya keki na kabla ya godoro la zawadi. Alikuwa amepewa dakika mbili za kumwasa bibi harusi. Kuhusu ndoa alisema sentensi moja, kwamba ni safari. Halafu akainua macho akaona watu mia mbili wanamtazama, na kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kutazamwa na zaidi ya watu wanne kwa mpigo, akili ikamtoka.

Mchungaji aliyekuwa meza kuu aliacha kutafuna, kipande cha kuku kikabaki shavuni. Esteri, mkewe Marselino, alijifunika kitenge usoni kama mtu aliyeingiwa na vumbi. MC akamnyang'anya kipaza sauti kwa heshima zote na kuwaomba wapiga muziki wafanye kazi yao.

Jumatatu yake, kabla Marselino hajamaliza kufagia mbele ya steshenari yake, bibi mmoja wa Kifura alikuwa ameshafika, jogoo mwekundu kwapani.

"Mwanangu, nimesikia wewe ndiye mwenye miungu. Ng'ombe wangu hatoi maziwa tangu mwezi wa kwanza. Nataka kumjua aliyemfunga."

Marselino akaweka ufagio chini, akamweleza. Kwamba miungu yake si ya mizimu wala ya waganga. Kwamba kuna mchezo unaochezwa mezani: mtu mmoja, anayeitwa msimulizi, anabuni nchi nzima kichwani, na wenzake kila mmoja anajifanya mtu wa nchi hiyo, mmoja mpiganaji, mmoja mchawi, mmoja mwizi. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanyaje?" Wao wanajibu wanafanyaje, na dadu inaamua kama wamefaulu au wamezama. Na kwa kuwa kila nchi inahitaji miungu, msimulizi ndiye anayeichagua. Ndiyo hiyo aliyoisema ukumbini.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu. Akauliza:

"Kwa hiyo miungu yako haifanyi kazi?"

"Haifanyi, bibi. Ni ya kubuni."

"Sasa ulikuwa unajisifia nini?"

Akamchukua jogoo wake akaenda zake.

Huyo bibi, bila kusoma darasa hata moja, alikuwa amemaliza kila kitu kinachoweza kusemwa juu ya Marselino. Lakini kwa kuwa yeye aliondoka, itabidi sisi tuendelee.

Marselino alizaliwa Kitahana, wa nne kati ya saba, baba yake mkulima wa mahindi na maharage. Kidato cha nne alitoka na vyeti viwili: cha kuzaliwa na cha kuhudhuria. Akaenda Kasulu miezi mitatu kujifunza kompyuta, akarudi na tai ambayo hakuivua hata wakati wa kupalilia. Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015, akapata mkataba kwenye ghala la shirika moja, kazi yake kuhesabu magunia ya unga yanayoingia na kushangaa magunia ya unga yanayotoka. Huko ndiko alikokutana na mzungu mmoja mrefu, mwenye soksi zisizofanana, ambaye jioni za mvua zilimchosha mpaka akaanza kuwafundisha wafanyakazi wenzake mchezo huo wa mezani. Mzungu alipomaliza muda wake alimwachia Marselino mfuko wa dadu saba, moja yao ya pande ishirini, na flash.

Wengine waliofanya kazi na wazungu walibaki na pikipiki, wengine na barua za sifa, wengine na watoto. Marselino alibaki na miungu.

Ndani ya flash ile mlikuwa na miungu mia nne na kumi, ya kila aina, iliyobuniwa na watu wa mbali wasio na shamba. Mkataba ulipoisha akafungua steshenari kwenye barabara ya hospitali: kopi, picha za paspoti, barua za kuomba kazi. Na kati ya mteja na mteja alifungua daftari lake kubwa lililoandikwa MIUNGU BORA, akaanza kusahihisha. Ndiyo, kusahihisha. Alikuwa anaipa alama, kila mungu juu ya mia, kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu wa zamu.

Miungu ya Visiwa vya Barafu, ndugu kumi na watano, wote wana ndevu, wote wana hasira, wote wameshika kitu cha kupasulia: hakuna aliyepata chini ya tisini. Binti za Mfalme wa Kilindi, wanaokaa ndani ya lulu chini ya bahari wakichana nywele: themanini na nane, kutoka kwa mtu ambaye maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyavuka ni mto Malagarasi, tena darajani. Baraza la Majivu, ambalo lilikuwa na miungu saba ya kifo, mmoja wa wanaokufa vitani, mmoja wa wanaokufa kwa homa, mmoja wa wanaokufa kwa mapenzi, na kila mmoja anakwambia siyo kwangu, nenda ofisi ya tatu: tisini na tano, na nyota pembeni.

Miungu aliyoidharau ni ile yenye majembe. Mungu wa mavuno, mwenye kofia ya majani na tabasamu, alimpa kumi na moja, akaandika chini yake: Hana mvuto.

"Mungu gani anashika jembe?" aliwahi kumwambia Esteri. "Jembe nimelishika mimi miaka kumi na minane. Sikuona utukufu wowote mle."

Hapo, tumpe haki yake, alisema kweli.

Kila Jumamosi mchana steshenari ilifungwa mlango wa mbele, na mchezo ukawekwa stoo, kwenye meza yenye kitambaa cha plastiki. Wachezaji walikuwa wawili. Wa kwanza Gharibu, mtu wa makamo, mwuza mabati na misumari wa Kasulu mwenye duka la pili Kibondo, ambaye wazazi wake walitoka Tanga na hakuacha mtu asahau. Gharibu aliingia mchezoni kwa sharti moja: "Mimi namjua Mungu mmoja, wa pili sina nafasi naye hata kwa utani. Mtu wangu humu ndani ni mfanyabiashara. Hasujudu popote. Ushuru atalipa." Wa pili Bazilio, mwalimu wa Jiografia, aliyekuja kwa sababu nyumbani kwake kuna watoto wanne na redio mbili, na popote pengine kwake ni mapumziko.

Wao walikaa kwenye kreti za soda. Marselino alikaa kwenye kiti chenye mikono na mto wa sponji. Huyo alitaka aitwe Msimulizi, si Marselino, na aliyemkatiza akizungumza, mtu wake mchezoni alipatwa na tumbo la kuendesha siku tatu. Mfanyabiashara wa Gharibu alikuwa ameendesha milima na mabonde yote ya nchi ile.

Lakini tusimcheke haraka, tumcheke polepole. Mjini Marselino alikuwa "yule wa kopi". Kanisani alikuwa "mume wa Esteri". Ukweni hakuwa na jina. Ila Jumamosi, kwa saa tatu, watu wazima wawili, mmoja ana maduka na mwingine ana shahada, walimtazama usoni wakamwuliza, "Msimulizi, naruhusiwa kupita?" Naye aliweza kusema hapana. Kiti kile ndicho kitu pekee duniani ambacho mtu angeweza kumnyang'anya Marselino na akaumia. Na ndicho alichokwenda kukiweka rehani kwenye sendofu, mbele ya mchungaji.

Wiki mbili zikapita. Akaingia dukani msichana mmoja mwenye furushi la vitenge begani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kopi ngapi?"

"Sitaki kopi. Nimekuja kuchukua kiti."

Aliitwa Nadine, miaka ishirini na sita, anauza vitenge sokoni. Mama yake alivuka mpaka pale Mabamba na yeye akiwa mgongoni, na sasa wote wawili ni raia, na mtu akitaka kubishana nao kuhusu hilo anaoneshwa kadi kabla hajafunga mdomo. Sare za sendofu ile vitambaa vyake vilitoka kwake. Alikuwa ukumbini. Alisikia.

"Wewe unajua nini kuhusu mchezo huu?" Marselino akauliza.

"Nilikuwa mkalimani Nduta. Nilikaa meza ileile na wewe miezi minne. Hukuniona, ulikuwa unatazama mdomo wa mzungu."

Marselino akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga kitu asichotaka kukitazama. Akamwuliza ana miungu mingapi.

"Mitatu."

"Mitatu!" Akapiga meza. "Dada yangu, hata kikundi cha kuweka na kukopa kina viongozi watano!"

Wakakubaliana. Jumamosi ya kwanza Marselino asimulie na miungu yake, Nadine awe mchezaji. Jumamosi ya pili Nadine asimulie, Marselino akae kreti. Waamuzi Gharibu na Bazilio. Gharibu alipopelekewa habari akajibu kwa simu neno moja tu: "Alhamdulillahi."

Wiki hiyo barua za kuomba kazi hazikuandikwa. Marselino alifungua daftari akaanza kuteua, na namna alivyoteua inaonesha ni mtu wa aina gani. Hakuchukua ukoo mmoja wa miungu wanaojuana. Alichukua wenye alama kubwa kutoka kila ukoo, wawili kutoka barafuni, watatu kutoka majivuni, mmoja kutoka kwenye lulu, kama kocha anayeita timu ya taifa yenye washambuliaji kumi na minane na hana golikipa. Akawapa majina mapya, maana kwake jina lisilo na ritifaa katikati halikuwa jina la mungu. Mkuu wao akawa Kh'aruzoth. Chini yake Vel'dhun, Zhr'aak, Mor'ghesh, na wengine ambao hata yeye mwenyewe aliwatamka tofauti asubuhi na jioni.

Esteri alikuwa anachambua maharage akamsikiliza akifanya mazoezi.

"Baba Devota, huyu wa kumi na mbili kazi yake nini?"

"Anatawala ukimya ulioko kati ya nyota."

"Na mvua analeta nani?"

"Mvua ni suala dogo."

Esteri akatupa harage bovu dirishani. "Basi hao wako hawajawahi kulima," akasema, na hakuuliza kuhusu wa kumi na tatu.

Jumamosi ikafika. Saa saba mchana Marselino akakaa kitini, tai shingoni, akaanza kuieleza miungu yake. Saa nane na dakika arobaini alikuwa bado anaieleza. Bazilio alikuwa amechora ramani ya Afrika pembeni mwa karatasi yake na kuanza kutia mito. Gharibu alilala wima, kama watu wa dukani wanavyojua kulala. Nadine peke yake alisikiliza, mikono magotini, na hilo ndilo lililopaswa kumtia Marselino wasiwasi.

Hatimaye nchi ikaanza. Watu wao watatu, yaani mfanyabiashara wa Gharibu, mpiganaji wa Bazilio na mtu wa Nadine, ambaye alikuwa kikongwe mfinyanzi, walipanda mlima wa kioo wakaingia kwenye ukumbi wa dhahabu. Kh'aruzoth akainuka. Ngurumo. Marselino akainuka naye, akashusha sauti mpaka tumboni:

"Nyuma ya pazia la mwanga, Mkuu wa Wakuu anamimina asali ya uzima ndani ya kikombe cha dhahabu. Anakuletea wewe, kikongwe. Anasema: Kunywa, nawe hutakufa milele!"

Marselino akaungojea mshangao. Alikuwa ameusubiri wiki nzima.

"Ameonja?" Nadine akauliza.

"Nini?"

"Ameonja kwanza? Yeye mwenyewe."

Sasa, mtu wa mbali anaweza asielewe kwa nini Bazilio aliacha mito yake na Gharibu akafungua macho. Kwetu huku, anayekupa kinywaji anaanza yeye kukionja, mbele yako, ukimwona. Harusini, msibani, ukienda kuposa, mama mkwe anagusa mtungi kwa midomo yake kabla hajakupa mrija. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka wanaita gusogongera. Hakuna anayefundishwa, mtu anakua nalo kama lafudhi. Marselino mwenyewe, kwenye sendofu ileile ya majigambo, alirudisha soda kwa sababu ilikuja imeshafunguliwa. Lakini tukio la kikombe alikuwa amelitoa kwenye flash, neno kwa neno, na kwa watu wa kwenye flash inaonekana mtu anaweza kutokea nyuma ya pazia na kikombe na wenzake wakanywa tu, kama ndama.

"Huyu ni Mungu wa Miungu," Marselino akasema. "Haonji."

"Anaogopa nini?"

"Haogopi! Ameumba nyota!"

"Nyota sijakataa. Nauliza kikombe."

"Tena nyuma ya pazia," Bazilio akadakia. "Msimulizi, jamani. Pazia tena?"

"Pazia la mwanga!"

"Hata la dhahabu. Kule nyuma kuna nini? Amechanganya na nini?"

Gharibu akajikohoza. "Mtu wangu ni mfanyabiashara. Mzigo haukufunguliwa mbele yangu, sipokei. Huyo mwambie akae na asali yake."

Marselino akatoa jasho la tai. Akasema aliyekataa kikombe cha Kh'aruzoth anapigwa radi, na mpiga radi ni Vel'dhun wa barafuni, alama tisini na saba. Akarusha dadu ya pande ishirini. Ikabingirika, ikagonga kikombe cha chai, ikasimama. Moja.

Katika mchezo ule moja ni aibu. Radi imekosa, tena imekosa vibaya, na kwa sheria ambazo Marselino mwenyewe alizibandika ukutani, ilibidi impige aliye karibu. Aliye karibu alikuwa mungu wa ukimya kati ya nyota. Akafa palepale, bila kelele, kama kazi yake ilivyomtaka.

"Basi anaonja!" Marselino akapiga kelele. "Haya! Kh'aruzoth anaonja! Mmeridhika?"

Nadine akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Sasa ndiyo umeharibu zaidi, kaka. Anayeonja baada ya kusemwa, ana lake jambo. Bibi yangu mfinyanzi anaaga. Anashuka mlima."

"Mpiganaji anambebea mtungi," Bazilio akasema.

"Na mimi huyo," akamalizia Gharibu.

Wakashuka mlima. Miungu kumi na saba, yenye wastani wa alama tisini na tatu, ilibaki ukumbini na kikombe chake cha dhahabu, hakuna wa kukipokea. Ilikuwa haijafika hata saa tisa.

Jumamosi iliyofuata Marselino alikuja kukaa kreti akiwa amejiandaa kuharibu. Akajitengenezea mchawi mkuu, mwenye fimbo, mwenye joka, mwenye jina la ritifaa mbili. Nadine hakukaa kitini. Alisimama, akaieleza miungu yake kwa muda wa kumenya muhogo mmoja.

Wa kwanza aliumba vilima akachoka. Amegawa jina lake kwa watoto wa watu, kila nyumba ina anayeitwa kwalo, na hataki zaidi ya hapo. Usimsumbue. Wa pili anakaa njiani na fimbo, anauliza kila apitaye: unatoka wapi, unakwenda wapi, baba yako nani. Hana radi, ana maswali tu. Wa tatu ni Mwonjaji. Ni mwembamba, midomo yake imebabuka. Kila kitu kipya kinachoingia nchini, kisima, uyoga, dawa, ahadi ya mtawala, anakionja yeye kwanza, ndipo watu wanakula. Kwa hiyo nusu ya mwaka anaumwa.

"Kazi yake ni hiyo tu?" Marselino akauliza. Kichwani alikuwa ameshampa thelathini na moja.

"Ni hiyo tu. Na leo anaumwa. Ameonja mto, akaanguka. Hatujui kama ni mto au ni kitu kingine. Kijiji kina kiu siku ya tatu. Ninyi ndio mmemkuta. Mnafanyaje?"

Basi hapo hapakuwa na mlima wa kioo wala ukumbi. Palikuwa na mungu amelazwa kwenye mkeka, na swali. Bazilio akakata miti, wakatengeneza machela ya kambaa, kama inavyobebwa maiti na mgonjwa vilimani tangu dunia iwe na vilima. Wakambeba zamu kwa zamu kuelekea chanzo cha mto. Mwenye fimbo akawasimamisha njiani, akamwuliza mchawi mkuu wa Marselino baba yake nani, na Marselino, ambaye alikuwa ameandaa nasaba ya majoka vizazi tisa, akajikuta anajibu, "Mkulima. Wa Kitahana." Hakuna aliyecheka. Wakapita.

Wakafika chanzoni. Maji yanatoka mwambani, meupe, yanaita. Mwonjaji amefumba macho, hawezi kunyanyua hata ulimi. Nyuma yao kijiji kizima kimekuja na madumu, kimesimama mbali, kinasubiri.

"Mtu wa kuonja hayupo," Nadine akasema. "Mnafanyaje?"

Gharibu akasema mfanyabiashara wake ana watoto. Bazilio akaanza kupima uwezekano, nne ya ishirini, saba ya ishirini, akaishia katikati. Nadine hakuharakisha mtu. Kule nje adhana ya alasiri ikasikika, na Gharibu, ambaye hajawahi kuchelewa tangu aote ndevu, akasema, "Dakika moja. Dakika moja tu," akabaki.

"Naonja mimi," Marselino akasema.

"Kwa uchawi?"

"Kwa mkono. Nateka kwa mkono."

"Tupa dadu."

Akatupa. Saba.

"Nimekufa?"

"Hujafa. Umeanguka. Utaumwa mwezi mzima. Lakini kijiji kimeona mtu ameonja na anapumua. Wanateka. Na yeye pale kwenye machela amefungua jicho moja, anakutazama. Anajua sasa kuna mwingine."

Marselino akagundua kwamba amesimama. Macho yalikuwa yamelowa. Akasema ni vumbi. Ulikuwa mwezi wa tatu, Kibondo nzima matope mpaka magotini, na yeye akasema ni vumbi.

Gharibu akakimbilia msikitini, akarudi na udhu bado mbichi, hukumu ikasomwa. Marselino akajitetea, maana aibu nayo inataka kumalizwa hadi tone la mwisho. Akasema ihesabiwe idadi, kumi na minane kwa mitatu.

"Kumi na saba," Bazilio akamkumbusha.

Akasema basi ziangaliwe alama.

"Ulizitoa mwenyewe."

Akasema aliposema kiti hakumaanisha kiti, alimaanisha heshima kwa ujumla.

"Marselino mwanangu," Gharibu akasema, "ulisema mbele ya mchungaji. Na wewe ndiye uliyekunywa yale maji. Mimi na ticha hatukunywa. Asali ya yule wako mwenye kikombe hukuwahi kuikaribia hata wewe uliyemleta. Hukumu gani nyingine unataka?"

Marselino akatoa dadu saba mfukoni, akaziweka mezani. Akakisukuma kiti upande wa Nadine, kikakwaruza sakafu. Nadine akashukuru kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Kisha, kitini penyewe, hakukaa. Alichukua furushi lake la vitenge kutoka sakafuni, lisije likashika unyevu, akaliweka juu ya mto wa sponji, akaendelea kusimama. Kuanzia siku hiyo anasimulia akiwa amesimama, na kiti kinakaliwa na vitenge.

Jumatatu asubuhi akaingia dukani na karatasi ya daftari.

"Shikamoo, kaka. Naomba uniandikie hii kwenye kompyuta, miungu yangu yote mitatu ikae ukurasa mmoja. Nataka nakala nne, kila mchezaji na yake."

"Nne? Tuko watatu."

"Esteri anaanza Jumamosi."

Marselino akachapa. Alipofika kwenye Mwonjaji, kidole kikamwasha, akatia ritifaa katikati ya jina. Nadine alikuwa amesimama nyuma ya bega lake.

"Hiyo nini?"

"Urembo."

"Itoe."

Akaitoa. Mashine ikakohoa karatasi nne, moto moto, na juu ya kila moja yule mwembamba wa midomo iliyobabuka, kwa herufi nono. Nadine akazipuliza moja moja.

"Mvua hizi zitanilowanishia. Kuzipiga laminesheni unafanyaje?"

Marselino akageuka kutazama bei zilizobandikwa ukutani, ambazo alizibandika yeye mwenyewe.

"A4 moja, shilingi elfu moja na mia tano."